Miaka Miwili na Bunduki ya Mwaka 1943: Jinsi Nilivyoirudishia Shabaha Yake

Siku ya kwanza nilipoipeleka bunduki yangu kwenye uwanja wa shabaha, nilipiga risasi 10 kwenye karatasi iliyosimamishwa umbali wa mita 100, na nilipoiendea karatasi hiyo nikakuta matundu yametapakaa katika upana wa sentimita 22. Ilikuwa Lee-Enfield No. 4, aina ambayo jeshi la Uingereza liliitumia sana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, iliyotengenezwa mwaka 1943, nami nilikuwa nimeinunua kihalali, pamoja na kibali na karatasi zake zote, baada ya kulala ghalani kwa miongo kadhaa ikiwa imepakwa grisi nzito. Leo bunduki hiyo hiyo, kwa mtutu ule ule na komeo lile lile linaloufunga kwa nyuma, inaziweka risasi 10 ndani ya sentimita 7. Kati ya karatasi hizo mbili kuna miaka miwili, ubao mmoja niliouharibu kwa mkono wangu mwenyewe, na fedha ambazo jumla yake ilizidi bei niliyoinunulia bunduki yenyewe. Sehemu kubwa ya gharama hiyo haikuwa ya lazima, na ndiyo sababu ya kuandika haya kwa ajili ya yeyote aliyenunua bunduki ya jeshi iliyostaafu akavunjika moyo alipoiona karatasi yake ya kwanza.

Nianze na bunduki yenyewe, kwa kuwa makosa yangu mengi yalitokana na kutoijua. No. 4 ilitengenezwa katika viwanda vya Shirley, Maltby na Fazakerley nchini Uingereza, Long Branch nchini Kanada, na Savage nchini Marekani, na kilichotakiwa wakati wa vita kilikuwa bunduki ngumu, yenye magazini ya risasi 10, isiyokwama kwenye tope. Mtutu wake una urefu wa sentimita 64, mifereji ya ndani inajizungusha kuelekea kushoto na kutimiza mzunguko mmoja kila baada ya sentimita 25.4, na risasi yake ya kijeshi, Mark VII, ina kichwa cha gramu 11.3 kinachotoka kwa mwendo wa mita 744 hivi kwa sekunde. Tena si bunduki dhaifu kwa shabaha hata kidogo, kwani zile zilizoonekana kulenga vizuri kuliko wenzake zilichaguliwa, na nyingi zikapelekwa kwa Holland & Holland kuwekewa darubini, zikawa bunduki za wadunguaji zinazojulikana kama No. 4 (T). Chuma chake, basi, kina uwezo. Kinachoiangusha ni umri na matumizi: baruti ya kodaiti iliyokuwa ikiwaka kwa joto kali na kulila koo la mtutu, yaani mwanzo wa mifereji, kamba ya kusafishia iliyovutwa upande mara maelfu hadi ikausugua mdomo wa mtutu, chumvi ya fataki za zamani, yaani viwashio vya baruti kwenye kitako cha risasi, iliyoachwa ndani ikaleta kutu, na mbao iliyokauka na kusinyaa hadi ikaacha kukishika chuma inavyopaswa.

Mimi sikujiuliza ni lipi kati ya hayo lililoipata bunduki yangu. Nilijiuliza nikanunue nini. Kwanza nikanunua darubini pamoja na kishikio chake kisichohitaji kutobolewa kwa chuma, nikiamini kwamba tatizo lilikuwa macho yangu na tundu dogo la kulengea. Darubini ilinionyesha shabaha vizuri sana, na risasi 10 zikatapakaa katika sentimita 20. Tofauti ya sentimita mbili ni ndogo mno kwa karatasi moja kuweza kuithibitisha, lakini mimi niliisherehekea na kuihesabu kuwa maendeleo. Baada ya hapo nikanunua risasi za bei ya juu, halafu mkanda wa ngozi, halafu kipande cha mpira cha kuweka nyuma ya kitako. Bunduki haikubadilika. Darubini niliiuza miezi minane baadaye kwa nusu ya bei, na hasara hiyo ilinitosha kununua risasi za mazoezi za msimu mzima.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu halikuweza kufutwa. Nilikuwa nimesoma kwamba bunduki za kisasa za mashindano huachwa mtutu uning'inie bila kuguswa na mbao, ili uweze kutetemeka kwa uhuru kila risasi inapotoka. Nilipoifungua bunduki yangu nikaona kwamba mtutu unaegemea kwenye ncha ya ubao wa mbele, ile mbao ndefu inayolala chini yake, nikaamini nimegundua ugonjwa. Nikauviringisha msasa kwenye kijiti cha unene wa mtutu, nikakaa chini jioni nzima nikiusugua mfereji wa mbao hadi karatasi ikapita bila kizuizi kutoka ncha hadi karibu na chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba sikukosea kwa kulipua bali kwa kushughulikia kwa makini kitu nisichokielewa. Wiki iliyofuata risasi 10 zilichukua sentimita 30, nyingi zikiwa zimejipanga juu kwa chini kama shanga kwenye uzi.

Katika uwanja ule kuna mzee mmoja aliyekuwa akipiga shabaha kwa bunduki za aina hii kabla mimi sijazaliwa. Alinikuta nimekaa kimya mbele ya karatasi hiyo, akaomba kuiona bunduki, akahakikisha haina risasi kwenye chemba wala kwenye magazini, kisha akaushika mtutu karibu na mdomo na kuusukumasukuma kwa kidole gumba. Akaniuliza nani aliyeikata mbao. Nikamwambia ni mimi, Mzee. Hakunigombeza, ila alisema, "Mwanangu, mgonjwa hujampima, ushamfanyia upasuaji." Kisha akanitaka nikanunue daftari kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Daftari hilo ndilo lililobadilisha mambo, na yeyote anayeanza kazi hii nitamshauri alinunue kabla hata ya bisibisi. Kila nilipokwenda uwanjani niliandika tarehe, hali ya hewa, aina ya risasi, ni kitu gani kimoja nilichobadilisha tangu mara iliyopita, na vipimo vya matundu yote 10. Nasema 10 kwa makusudi. Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati hata katika bunduki iliyochoka, na mimi nilikuwa na karatasi mbili za risasi tatu zilizogusana ambazo nilizihifadhi kama ushahidi kwamba bunduki ni nzuri na mpigaji ndiye mwenye kasoro. Mzee alinifanya nipige makundi mawili ya risasi 10 kabla ya kubadilisha jambo lolote na mawili mengine baada ya kulibadilisha, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga, na kungoja mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja bila kukiondoa. Ni kazi ya polepole inayokula risasi nyingi, na kuna siku nilirudi nyumbani nikiwa nimejifunza tu kwamba nilichobadilisha hakikusaidia kitu. Hata hivyo siku za namna hiyo ndizo zilizonizuia nisiendelee kutupa fedha upande huo.

Tulianza na usalama. Nilimpelekea bunduki fundi wa bunduki mwenye leseni, akapima kwa geji nafasi iliyopo kati ya uso wa komeo na mahali ukingo wa risasi unapokaa, ambayo kwa bunduki hii kijeshi ilitakiwa kuwa kati ya milimita 1.63 na 1.88. Ikizidi hapo, ganda la risasi hukosa mahali pa kuegemea na linaweza kupasuka. No. 4 imetengenezewa vichwa vya komeo vya ukubwa tofauti, vilivyopigwa namba kuanzia 0 hadi 3, ili nafasi hiyo irekebishwe kadiri chuma kinavyochakaa. Yangu ilikuwa ndani ya kiwango, hivyo hakuna kilichobadilishwa, na fedha niliyolipa kwa kuambiwa kwamba hakuna tatizo ni fedha nisiyoijutia kabisa. Mtu asipige hata risasi moja kwa bunduki ya zamani kabla ya kipimo hicho, na asibadilishane komeo la bunduki moja na nyingine bila kupima upya, hata kama linaingia bila shida.

Fundi huyo huyo alichukua kijiti chenye pamba, akakiingiza kidogo kwenye mdomo wa mtutu na kukivuta kwenda nje taratibu, akizunguka ukingo wote. Mahali pamoja, upande wa chini kulia, nyuzi za pamba zilinasa. Alinipa kioo cha kukuzia, nikaona kigong'o kidogo sana cha chuma, kama ukucha uliovunjika, na karibu yake ukingo uliolika kwa kusuguliwa na kamba. Hapo ndipo kichwa cha risasi kinapoachana na bunduki, na gesi inayotoka nyuma yake isipotoka sawasawa pande zote hukisukuma kikaanza safari kikiwa kimeyumba. Aliunyoosha mdomo ule kwa vifaa vyake, akiondoa chuma kidogo mno. Kazi hii mtu asiifanye kwa tupa nyumbani.

Kuusafisha mtutu kulinichukua siku sita, na mimi nilikuwa na uhakika kwamba ni safi. Nilipoinunua bunduki nilipitisha vitambaa vyenye mafuta hadi kikatoka cheupe, nikaangalia kwenye mwanga nikaona unang'aa. Mzee aliniambia kwamba kinachong'aa kinaweza kuwa shaba iliyoachwa na vichwa vya risasi, ikiwa imejipaka juu ya mifereji kwa miaka. Nikapata dawa ya kusafishia yenye amonia, nikapitisha kitambaa kilicholoa kwa ufito ulionyooka wa kipande kimoja, nikianzia upande wa chemba ili mdomo uliotengenezwa usiguswe, nikaacha kwa dakika chache kama maelekezo ya chupa yalivyosema, kisha nikapitisha kitambaa kikavu. Kilitoka kikiwa na buluu iliyokoza kama wino. Kila jioni nilirudia, na kila jioni buluu ile ilipungua kidogo, na usiku wa tatu ikaanza kufuatwa na weusi, tabaka la masizi ya baruti lililokuwa limefunikwa na shaba, na chini ya weusi huo ikatokea shaba nyingine. Usiku wa sita kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Nilipotazama ndani safari hii niliona vishimo vya kutu karibu na chemba, ambavyo shaba ilikuwa imevificha, lakini pia niliona kingo za mifereji zikiwa bado zimesimama vizuri katika sehemu kubwa ya mtutu.

Anayepiga risasi za zamani za kijeshi ajue pia kwamba fataki nyingi za wakati huo huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kuleta kutu hata kama mtutu umepakwa mafuta, kwa sababu mafuta hayaiyeyushi. Maji huiyeyusha. Wanajeshi walipewa kabisa faneli ya kumiminia maji yanayochemka kutoka upande wa chemba, na mimi hufanya vivyo hivyo siku ile ile, kisha nakausha na kupaka mafuta wakati chuma bado kina joto.

Baada ya mdomo kutengenezwa na mtutu kusafishwa, mtawanyiko ulishuka kutoka sentimita 30 hadi 25. Bado ulikuwa mbaya kuliko siku ya kwanza, maana ubao niliouharibu ulikuwa haujabadilishwa, na sasa zamu ya mbao ilikuwa imefika.

Hapa ndipo penye siri ya bunduki hii, na naomba msomaji anivumilie. Mtutu wa No. 4 ni mwembamba, na waliouchora hawakukusudia uning'inie. Chuma na ubao wa mbele vinatakiwa kukutana mahali patatu: nyuma kabisa, ambapo kuna nyuso mbili za mbao, kushoto na kulia, zinazopokea teke lote la bunduki, chini ya bapa la mtutu, kwenye sehemu yake nene penye chemba, na kwenye ncha ya mbele, ambapo mbao huusukuma mtutu kwenda juu kwa nguvu ndogo iliyopimwa, kati ya kilo 1 na kilo 3 hivi. Katikati ya hapo mtutu usiguse kitu, wala ncha isiuegemee upande wowote. Ule msukumo wa mbele ndio unaotuliza mtikisiko wa mtutu ili kila risasi itoke ukiwa katika hali ile ile. Mimi nilikuwa nimeuondoa kwa msasa.

Ubao mwingine, wa zamani lakini ambao haujawahi kutumika, niliupata baada ya kutafuta kwa miezi mitatu, na uligharimu karibu robo ya bei ya bunduki. Nilipoufunga jinsi ulivyo, mtawanyiko ukawa sentimita 19. Kumbe ubao mpya haukai wenyewe. Jeshini ulikuwa ukikalishwa na fundi, kila bunduki na ubao wake.

Mzee alinifundisha kutumia moshi wa mshumaa. Unakipitisha chuma kilichofunguliwa juu ya mwali hadi kipate masizi mepesi mahali panapotakiwa kugusana, unakiweka kwenye ubao, unakaza skrubu, unafungua tena bila kukiburuza, halafu unaisoma mbao. Palipo na weusi ndipo panapoguswa. Mara ya kwanza nilipofungua, uso wa nyuma wa kushoto ulikuwa mweusi wote na wa kulia ulikuwa mweupe kama ulivyotoka kiwandani. Maana yake, kila bunduki ilipopiga teke, chuma kilisukumwa upande mmoja na kujigeuza kidogo, na hakikurudi mahali pale pale kwa risasi iliyofuata. Nikachukua patasi ndogo iliyonolewa vizuri, nikakwangua weusi ule kwa unene wa ganda la kitunguu, nikapaka masizi, nikafunga, nikafungua, nikasoma. Ilikuwa mara ya 11 ndipo weusi ulipojitokeza pande zote mbili. Kufikia hapo mbao ilikuwa imepungua kiasi kwamba chuma kilicheza mbele na nyuma, kwa hiyo tukaweka vipande viwili vyembamba vya mbao ngumu nyuma ya nyuso hizo, tukavibana kwa gundi ya epoksi, tukangoja siku mbili, kisha tukaanza tena na mshumaa. Nilichoka, na zaidi ya mara moja nilitamani kumalizia kwa makadirio. Namshukuru mzee kwamba alikuwa amekaa pale pembeni.

Ubao wangu wa kwanza, ambao bado ninao, ulikuwa na ugonjwa wa ziada: nyuso zake za nyuma zilikuwa zimelowa grisi ya ghalani hadi mbao ikawa laini kiasi cha kubonyea kwa ukucha. Mwenye ubao wa namna hiyo asikimbilie kuutupa. Ukiviringishwa kitambaa cha kunyonya na kuachwa juani, grisi hupanda juu yenyewe, na zoezi hilo likirudiwa kwa siku kadhaa mbao hurudia ugumu wake kwa kiasi cha kufaa. Asiupake vanishi kabla ya hapo, na ndani ya mfereji asiipake kabisa. Mafuta ya kitani yanatosha.

Kulikuwa na jambo moja dogo ambalo nisingeligundua peke yangu. Skrubu kuu ya mbele, inayobana chuma, mbao na kingo ya triga, yaani ya kifyatulio, pamoja, inapita ndani ya kijibomba cha chuma kilichowekwa ili mbao isipondwe. Mbao ikisinyaa, kijibomba hubaki na urefu wake, na skrubu inakaza chuma juu ya chuma huku mbao ikiwa huru katikati. Mkono unahisi imekaza, na kumbe haijashika kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Fundi alikipunguza kijibomba kwa tupa, kidogo kidogo, akijaribu kila mara, hadi skrubu ilipoanza kuibana mbao kwanza na kufika mwisho hapo hapo.

Mwisho tukapima msukumo wa mbele. Tuliweka kipande cha karatasi nyembamba kati ya mtutu na ncha ya ubao, kikabanwa. Mzee akafunga mizani ya springi kwenye mtutu karibu na mdomo na kuuvuta taratibu kutoka kwenye mbao, nami nikawa nakivuta kipande cha karatasi bila kutumia nguvu. Kilikataa, kikakataa, kisha kikatoka ghafla mkononi mwangu kama jani. Mizani ilisoma kilo mbili na kidogo. Wiki hiyo makundi yote mawili ya risasi 10 yalikaa ndani ya sentimita 11, na nilipoiona karatasi ya pili imefanana na ya kwanza nilishindwa kusema neno kwa dakika nzima.

Niseme pia habari ya triga, kwa kuwa hapo kuna hatari. Katika No. 4 Mark I triga imening'inizwa kwenye kingo yake, iliyofungwa juu ya mbao. Ni Mark 2 ya mwaka 1949 ndiyo iliyohamishia triga kwenye chuma chenyewe. Ukirekebisha mbao ya Mark I, umeigusa na triga bila kujua. Baada ya kazi ile yote, triga yangu, ambayo inatakiwa kuvutwa kwa hatua mbili, hatua ya kwanza ilikuwa imetoweka na bunduki ilifyatuka mapema mno. Fundi aliirekebisha kabla sijarudi uwanjani, akajaribu na kifungo cha usalama mara nyingi bila risasi. Nyuso zinazokamatana ndani ya triga mtu asiziguse kwa msasa wala tupa ati ili iwe nyepesi.

Risasi ndizo zilizonipa sentimita nne za mwisho. Jina la risasi ya bunduki hii, .303, lilinipotosha, kwani inchi 0.303, yaani milimita 7.7, ni upana wa mtutu kabla ya mifereji kuchongwa. Kichwa cha risasi kinatakiwa kuijaza mifereji, na kwa bunduki hizi vinavyotumika ni vya inchi 0.311 au 0.312, karibu milimita 7.9. Mimi, nilipoanza kujaza risasi mwenyewe, nilichukua vichwa vya inchi 0.308, vilivyo vingi na vya bei nafuu, nikidhani milimita 0.08 si kitu. Vilipita mtutuni bila kushikwa vizuri, na baadhi ya matundu kwenye karatasi yalikuwa marefu kama yai, dalili kwamba kichwa kilifika kikiwa kimelala upande. Ili kujua kipimo halisi cha mtutu tulisukuma kipande cha madini laini ya risasi, yasiyochanganywa na madini mengine, kutoka mwanzo hadi mwisho na kukipima, kazi ambayo kwa mtutu wa mifereji mitano kama wangu si rahisi, kwa sababu mkabala na kila mfereji kuna ukuta na maikromita ya kawaida inadanganya. Wenye mitutu ya wakati wa vita iliyochongwa mifereji miwili tu wana nafuu katika jambo hilo. Vichwa vya 0.312 vyenye kitako bapa, vya gramu 11.3 kama vya Mark VII, ndivyo vilivyokubaliana na koo la mtutu wangu lililolika.

Maganda nayo yalinifundisha kwa kunitisha. Nilikuwa nikiyabana upya kwa kifaa cha kuyarudishia umbo, kwa urefu wake wote, kila ninapoyajaza, na mara ya nne nilipovuta komeo, kilichotoka kilikuwa kitako cha ganda peke yake. Mwili wake ulibaki ndani ya chemba umekatika kama umechongwa kwa kisu. Chemba za kijeshi za bunduki hii zilichimbwa kwa upana ili zipokee risasi hata zikiwa chafu, na ganda hutanuka kila linapopigwa. Ukilibana lote na kulirudisha lilivyokuwa, halafu likatanuka tena, ukuta wake huchoka karibu na kitako. Sasa nabana shingo tu, kwa maganda yaliyopigwa kwenye bunduki hii hii, na kabla ya kulijaza kila moja napitisha ndani waya uliopindwa ncha, nikipapasa ukuta juu kidogo ya kitako. Waya ukidondokea kwenye mfereji, hata uwe mdogo vipi, ganda hilo nalitupa.

Kulenga lilikuwa jambo jepesi kuliko yote lilipofika zamu yake. Matundu yalikuwa yakikaa pamoja lakini sentimita 10 juu ya nilipolenga, kwa hiyo ilibidi kijiti cha kulengea cha mbele kiwe kirefu zaidi, maana kijiti kirefu hushusha risasi. Vijiti hivyo vilitolewa kwa ngazi za inchi 0.015, na kwa urefu wa bunduki hii kila ngazi ni sentimita tano hivi kwa umbali wa mita 100. Nilipanda ngazi mbili. Lau ningevibadilisha mwanzoni, kama nilivyotaka, ningekuwa nimevibadilisha mara nne.

Kundi la mwisho nililolipima lilikuwa sentimita 7, na lililotangulia sentimita 7 na nusu. Kabla ya kila safari naijaribu skrubu kuu, kwa sababu mbao bado hupumua na majira, na kila baada ya miezi kadhaa narudia kile kipande cha karatasi na mizani. Risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu baridi inaendelea kukaa juu kidogo ya wenzake, kila mara mahali pale pale, kama sentimita tatu. Nilimuuliza mzee tufanye nini juu yake. Alilitazama daftari, akafunua kurasa za miezi sita nyuma, akaikuta imeandikwa hivyo hivyo katika kila ukurasa, akanirudishia daftari na kuniambia niiache.